Kaburi la Babu Lisifanywe Kufuli ya Mlango wa Chuo

Na Mwenezi wa Chama, Makere



Kuna jambo linalotutafuna polepole katika nchi hii ya Buha, tangu Kibondo mpaka Kasulu, nasi tumezoea kulizungumza migombani na kunyamaza tufikapo mbele ya meza ya ofisi. Wakati umefika wa kulisema kwa sauti. Mtoto wa mwananchi husoma miaka 13, akafaulu, akachaguliwa kwenda Chuo Kikuu, kisha akakwama. Hakwami kwa ujinga wala kwa uvivu, bali kwa karatasi. Huambiwa cheti chake cha kuzaliwa hakijahakikiwa. Huambiwa baba alete kitambulisho. Baba akienda kukitafuta kitambulisho, huulizwa babu alizaliwa wapi na kaburi lake liko kijiji gani. Siku zapita, muda wa kuomba mkopo wafungwa, na mwenzake waliyekaa dawati moja apanda basi kwenda Dodoma au Dar es Salaam. Yeye hurudi shambani kupalilia maharage.

Nataka nieleweke tangu mwanzo. Sisi hatupingi uhakiki. Nchi isiyojua watu wake ni sawa na nyumba isiyo na mlango. Tunachopinga ni kumtwisha mtoto mzigo wa uchelewaji ambao si wake. Ofisi ikichelewa, ofisi ndiyo ibebe hasara, wala si kijana aliyefanya kila alilotakiwa na shule.

Tuanze na mambo yalivyo. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi na sekondari mpaka kidato cha nne hutolewa bila ada, na tangu mwaka wa masomo 2022/23 kidato cha tano na cha sita nazo zimeingia humo. Hilo ni jambo jema, nasi twalisifu. Lakini mlango wa chuo una bei, na mtoto wa mkulima wa mihogo na mahindi hana njia ya kuilipa ila kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Katika mkopo huo, fedha ya chakula na malazi peke yake ni shilingi 10,000 kwa siku tangu 2022/23. Piga hesabu, ndugu, uone ni mkulima gani wa Makere awezaye kutoa fedha hiyo kila siku kwa muda wote wa masomo.

Ili kuomba mkopo huo, kijana hutakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambao wengi wetu twauita RITA. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho sharti kihakikiwe. Kwa hiyo yatima, ambaye ndiye hasa mwenye kustahili kusaidiwa, ana karatasi nyingi zaidi za kutafuta kuliko mwenye wazazi wote wawili.

Sasa tujiulize: vyeti hivyo viko wapi? Kijana anayeomba mkopo miaka hii alizaliwa yapata mwaka 2005 au 2007. Uchunguzi wa Taifa wa afya na uzazi wa mwaka 2010, uliowahesabu watoto wa rika lake hasa walipokuwa wadogo, ulionyesha kwamba ni watoto takriban 16 tu katika kila 100 wa chini ya miaka 5 walioandikishwa, na waliokuwa na cheti mkononi ni wachache zaidi. Maana yake ni kwamba nchi nzima, si Buha peke yake, iliwalea watoto hawa bila kuwaandika, kisha ikawataka waonyeshe maandiko. Na aliyepita miaka 10 bila kuandikishwa hana njia fupi: sharti apeleke ushahidi kwa Msajili wa Wilaya, na idhini itoke kwa Msajili Mkuu. Ushahidi wenyewe ni kadi ya kliniki, cheti cha kumaliza shule, cheti cha ubatizo kama anacho, barua ya Ofisa Mtendaji. Panya akiila kadi ya kliniki, shida imeanza.

Hayo ni ya wananchi wote. Sisi wa mpakani tunaongezewa fungu letu. Kwetu swali la kuzaliwa hugeuzwa likawa swali la uraia, na swali la uraia likawa swali la ukoo. Haya ni mambo matatu mbalimbali! Cheti cha kuzaliwa ni habari ya kwamba mtoto fulani alizaliwa siku fulani, mahali fulani, na mama fulani. Kukihakiki ni kutazama kama habari hiyo imo katika daftari la Serikali. Hakuna mahali katika kazi hiyo panapohitaji kusikiliza mtu anavyotamka maneno. Lakini nendeni mkawasikilize wananchi kwenye mikutano ya matawi. Watawaambia kuwa mtu wa Buha husailiwa kwa lafudhi yake na kwa jina lake.

Jina! Mapacha wa Buha huitwa Bukuru na Butoyi, na mapacha wa Burundi huitwa Bukuru na Butoyi vilevile. Je, jina hilo ni ushahidi wa nini, ila wa kwamba mama alizaa watoto wawili siku moja? Kiha na Kirundi ni lugha za ndugu, na zilikuwa za ndugu kabla Mzungu hajachora mstari. Aliyechora mstari huo hakutuuliza. Tulikuwa sote chini ya Mdachi. Vita vilipokuja, Wabelgiji waliitwaa Kigoma mwaka 1916, wakaishika mpaka 1921 walipoikabidhi kwa Mwingereza, wao wakabaki na Urundi na Rwanda. Nusu ya familia ililala upande mmoja wa mto Malagarasi na nusu upande wa pili. Wala mto haukuacha kuvukwa kwa sababu wakubwa walitia sahihi huko Ulaya.

Tena kumbukeni hili. Wakati wa Mwingereza, wilaya zetu zilifanywa ghala la wafanyakazi. Wazee wetu walichukuliwa manamba kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mtu alipewa namba, akapewa kipande, akapandishwa gari la moshi. Wakati ule hakuna aliyewauliza kaburi la babu liko wapi. Mkonge haukujali. Mikono ya Muha ilipotakiwa, ilikuwa mikono ya Tanganyika. Leo akili ya mjukuu wake inapotaka kuingia chuoni, ndipo inaulizwa ilikotoka!

Na hilo kaburi lenyewe liko wapi? Katika miaka ya 1930 watu wengi wa Buha walihamishwa na Serikali ya kikoloni kwa ajili ya malale, wakakusanywa katika makazi mapya. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa. Mahame yaliachwa nyuma na makaburi yake, yakaota msitu. Kijana wa leo hawezi kumwonyesha mtu yeyote mahali hapo, na hata baba yake huenda hawezi. Mimi nilisomea ualimu, nami nilifundishwa kwamba mtihani wa haki hupima kile ambacho mwanafunzi alifundishwa. Mtihani huu majibu yake yamezikwa porini, na aliyewahamisha watu kutoka pale ni Serikali, ya kikoloni kwanza na yetu baadaye.

Hapana budi tuitendee haki hoja ya upande wa pili, maana haki haina upande. Watasema: ninyi mnaishi kando ya kambi. Ni kweli. Kambi ya Nyarugusu imo katika kata yetu hii ya Makere tangu mwaka 1996, ilipofunguliwa kwa ajili ya ndugu waliokimbia vita vya Kongo, na mwaka 2015 wakaja wa Burundi kwa maelfu. Watasema pia: kuna watu wa kughushi. Ni kweli vilevile. Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa pale Dodoma taarifa ya watumishi wa umma 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Serikali iliyoona hayo ina haki ya kufungua macho, na fedha ya mikopo ni kodi ya wananchi. Asiyestahili akiichukua, amemwibia anayestahili.

Tunakubali yote hayo. Lakini mgeni wa kambini ana daftari lake, na ameandikwa humo kwa jina na alama za vidole. Watoto wake husoma shule za kambini, kwa mitaala ya makwao. Kuwa jirani ya kambi si kosa la jinai. Ikiwa jirani ya mgeni naye ahesabiwe mgeni, basi tuliokaribisha wageni kwa amri na ombi la Serikali tumeadhibiwa kwa ukarimu wetu. Na wale 9,932 hawakugunduliwa kwa kuulizwa babu. Waligunduliwa kwa kulinganisha vyeti na madaftari ya mitihani. Uhakiki wa kweli hufanywa ofisini kwa daftari. Ule wa kukisia hufanywa kwa kutazama sura ya mtu.

Tutazame na sheria inasemaje, maana wapo wanaodhani tunaomba hisani. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, katika kifungu chake cha 5, inamhesabu kuwa raia wa kuzaliwa kila aliyezaliwa katika Jamhuri ya Muungano tangu siku ya Muungano, 26 Aprili 1964, ila watoto wa mabalozi wa nje na wa maadui walioshika nchi. Wakubwa wameizoea tafsiri iliyo nyembamba zaidi, kwamba lazima mzazi mmoja awe raia. Haya, hata kwa tafsiri hiyo nyembamba, kinachotafutwa ni mzazi mmoja. Sheria haikusema babu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya jina, ya uraia na ya kuandikishwa. Katiba yetu ya 1977, Ibara ya 11, inampa raia uhuru wa kutafuta elimu mpaka kilele kadiri ya stahili na uwezo wake, na Ibara ya 13 inampa kila mtu ambaye haki zake zinaamuliwa nafasi ya kusikilizwa kwa ukamilifu na ya kukata rufani. Mtu aliyeambiwa kwa mdomo dirishani “rudi mwezi ujao” hakusikilizwa, wala hana cha kukatia rufani.

Wala si sisi wa kwanza kukutana na jambo hili. Tuivuke bahari tutazame Bara Hindi. Huko taifa lilirithi matabaka ya kuzaliwa, na watu wa chini walinyimwa shule karne kwa karne. Baada ya kujitawala, Bara Hindi liliweka nafasi maalumu vyuoni kwa watoto wa matabaka na makabila yaliyodhulumiwa, na anayeitaka nafasi hiyo huonyesha cheti cha kabila au tabaka lake. Mara wakatokea wajanja wa matabaka ya juu na vyeti vya uongo. Ikawa lazima kuhakiki, na uhakiki nao ukawa mzigo kwa wakweli.

Mwaka 1994 Mahakama Kuu ya Rufani ya nchi hiyo iliamua kesi ya wasichana wawili wa ukoo wa Patil, walioingia masomo ya utabibu kwa cheti cha kabila ambacho si lao. Mahakama iliwakatalia dai lao. Lakini haikuishia hapo. Iliweka kanuni kwa nchi nzima. Maombi ya uhakiki yapelekwe miezi 6 kabla ya kuingia chuo. Kamati ikianza kusikiliza, ikae siku baada ya siku, isipite miezi 2. Na hii ndiyo nitakayo mwitie akilini, ndugu: kama siku ya mwisho ya kuingia chuo inakaribia na kamati haijamaliza, basi mwanafunzi apokewe kwa muda, kwa cheti alicho nacho au kwa kiapo cha mzazi, huku uchunguzi ukiendelea. Akionekana mkweli, amesoma. Akionekana mwongo, anaondolewa na kushitakiwa. Mwaka 2017 mahakama hiyohiyo ikakaza tena kamba, kwamba mwenye cheti cha uongo hatabaki na alichokipata hata kama miaka imepita.

Mnaona hekima yake? Ukali wote uliwekwa juu ya mwongo, na hasara ya kuchelewa haikuwekwa juu ya mkweli. Sisemi kwamba Bara Hindi mambo yamenyooka. Hata huko wapo wanafunzi wanaohangaika kwa kamati zinazochelewa. Nasema kwamba kanuni ipo, na mwanafunzi anayo ya kuishika mkononi mbele ya hakimu. Wetu hana kitu cha kushika.

Nasi Watanzania tunayo hekima yetu wenyewe, hatuna haja ya kuazima yote. Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya Uhuru, Bunge la Tanganyika lilijadili nani awe raia. Walikuwapo waliotaka uraia uwe wa mtu mweusi peke yake. Mwalimu Nyerere alisimama akapinga kwa nguvu zake zote, hata akawa tayari kuiweka Serikali yake mezani kwa jambo hilo. Alikataa kabisa uraia wa kupimwa kwa rangi ya ngozi. Na kwa moyo huohuo, tangu Januari 1962, shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika zilianza kuwa shule za wote. Sasa, taifa lililokataa kumpima mtu kwa ngozi, limpime kwa lafudhi? La hasha! Na moyo huo haukuishia mwaka 1961. Nchi hii iliwapa uraia zaidi ya wakimbizi 162,000 wa mwaka 1972 waliotoka Burundi, jambo ambalo dunia nzima ililistaajabia. Lakini hata hao, maombi yao yalikubaliwa kufikia 2010, na hati zikaanza kugawiwa Oktoba 2014. Kati ya neno la ndiyo na karatasi ya ndiyo ilipita miaka minne. Mtoto wa kidato cha kwanza humaliza cha nne katika muda huo.

Basi twataka nini? Twataka mambo manne, na yote yawezekana bila kuvunja kitu.

La kwanza, kila ombi la uhakiki la mwanafunzi lipewe siku maalumu za kujibiwa, ziandikwe katika stakabadhi yake. Siku zikipita bila jibu, kimya kihesabiwe kwa faida ya mwanafunzi, si ya ofisi.

La pili, kijana aliyechaguliwa na chuo, ambaye uhakiki wake haujakamilika, apewe mkopo wa muda kwa kiapo cha mzazi mbele ya hakimu pamoja na vyeti vyake vya shule. Akionekana amedanganya, fedha irudishwe na sheria ifanye kazi yake.

La tatu, anayekataliwa akataliwe kwa maandishi, kwa sababu iliyotajwa, aambiwe na mahali pa kukata rufani. Lafudhi, sura na jina lisiwe sababu.

La nne, Msajili aje shuleni. Kijana asingoje kumaliza kidato cha sita ndipo aanze kuhangaika. Kidato cha pili au cha tatu, msajili na daftari lake aje akae siku mbili katika kila sekondari ya Kasulu na Kibondo. Ikiwa Serikali iliweza kuwachukua alama za vidole wenye simu nchi nzima kufikia Januari 2020, haiwezi kushindwa na wanafunzi waliokaa mahali pamoja kwa miaka minne.

Hayo ni ya Serikali. Nasi tuna yetu, maana chama cha kulalamika tu hakimfikishi mtu chuoni. Kila tawi lifungue daftari la watoto wa kidato cha tatu kwenda juu, liandike nani ana cheti na nani hana. Wazee wa tawi wanaojua ukoo wa kila nyumba wawe tayari kufuatana na mzazi mpaka ofisini na kutoa ushahidi, asiende peke yake akatishwe. Akina mama wasitoke zahanati na mtoto mchanga bila kuuliza habari ya kumwandikisha. Kadi ya kliniki itunzwe kama hati ya shamba. Na mtu asinunue cheti! Anayenunua cheti cha uongo anampa ofisa mshuku sababu ya kuwashuku wote, na anayetoa chauchau amekubali kwamba haki yake ni bidhaa. Ukiombwa fedha isiyo na stakabadhi, lete habari tawini, nasi tutaifikisha panapostahili.

Ndugu, najua wapo wanaosema jambo hili ni dogo, watoto wenyewe ni wachache. Lakini mtoto mmoja wa Makere akizuiwa mwaka mmoja, si yeye peke yake azuiwaye. Wadogo zake watatu wamemwona amerudi na jembe, nao wameshajibiwa swali la kwa nini wasome. Kijiji kimepoteza mganga, au mwalimu, au mhandisi wa barabara ambaye hakuwahi kupatikana. Na nchi imepoteza zaidi ya hayo, maana imemfundisha raia wake wa mpakani kwamba yeye ni wa kushukiwa. Adui akitaka mlango wa nchi yetu, huutafuta kwa raia aliyefundishwa hivyo. Usalama wa mpaka huanza kwa mtu wa mpakani kujua kwamba nchi ni yake.

Waliotupigania Uhuru walitaka tujitawale ili mtoto wa manamba asome mpaka kichwa chake kitakapofika. Basi daftari lifunguliwe, mtoto aandikwe, aliyemwongo aadhibiwe, na mkweli aachwe apite. Katibu wa kila tawi alete hesabu ya daftari lake katika mkutano ujao wa kata. Tutazijumlisha, tuzipeleke kwa Mkuu wa Wilaya zikiwa na idadi ya kila kijiji, tuone nani atasema tena kwamba jambo hili ni dogo.

Uhuru na Umoja.